Kila Neno na Mtaa Wake: Tafakuri Juu ya Mji wa Kale, Mombasa

Wengi wetu tuliozaliwa bara tulikipokea Kiswahili kutoka mikononi mwa mwalimu aliyeshika chaki. Tulikikuta kimepangwa katika ngeli, kimepimwa kwa mizani na vina, kimetiwa ndani ya kamusi kwa utaratibu wa alfabeti. Hakuna ubaya katika njia hiyo. Ndiyo iliyotufikisha katika kumbi za vyuo vikuu na kutufanya wanachama wa chama hiki. Walakini ina upungufu mmoja ambao aghalabu hatuuzungumzii: humzoesha mwanafunzi kuamini kwamba makao ya maneno ni vitabu. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba maneno, kama watu, yana mitaa yake. Yana nyumba yalimozaliwa, yana mahali yanapobarizi jioni, na yana majirani ambao yamejuana nao tangu jadi. Mtaa ukihamwa, maneno nayo hufunga virago. Mtaa ninaoutolea ushahidi ni Mji wa Kale wa Mombasa, ambako nilikaa wiki sita za likizo ndefu nikiwa mgeni wa familia moja ya Kibokoni.

Mji wa Kale umejinyoosha kwenye ubavu wa mashariki wa kisiwa cha Mombasa, ukiitazama bandari ya kale ambayo kwa karne nyingi majahazi yaliingia kwa pepo za kaskazi na kurejea makwao kwa kusi. Kusini mwake imekaa ngome ya Fort Jesus. Ndani yake mna mitaa midogo midogo, Kibokoni, Kuze, Mkanyageni na mingineyo, kila mmoja ukijiona kuwa ndio mji wenyewe. Eneo zima ni kama hekta 72 tu. Mtu mwenye miguu mizima angeweza kulizunguka asubuhi moja, lakini hawezi, kwa sababu vichochoro vitampoteza na watu watamsimamisha wamjulie hali.

Historia yake si haba. Ibn Battuta alipita Mombasa mwaka 1331 akasimulia habari za wakazi wake na misikiti yao iliyojengwa kwa mbao kwa ustadi. Wareno waliuteketeza mji mwaka 1505, wakarudia mwaka 1528 na 1589, na mwaka 1593 wakaanza kuijenga ngome ambayo Waomani waliizingira kuanzia 1696 na kuitwaa mwaka 1698. Msikiti wa Mandhry, wenye mnara mweupe uliochongoka kuelekea mbinguni, hutajwa kuwa ni wa mwaka 1570. Hata hivyo nyumba nyingi zinazoonekana leo ni za karne ya 19 na miongo ya kwanza ya karne ya 20. Kilichozihifadhi, ajabu iliyoje, ni kusahauliwa. Ujenzi wa reli ulipoanza Mombasa mwaka 1896, na meli kubwa za chuma zilipohitaji maji ya kina kirefu ya Kilindini upande wa pili wa kisiwa, biashara kubwa ililipa kisogo eneo la mashariki. Mwaka 1905 makao ya serikali nayo yakahamia Nairobi. Mji mpya ukajengwa kwingine, na mji wa zamani ukabaki na vichochoro vyake ambavyo hakuna mpangaji wa miji aliyepata haja ya kuvinyoosha.

Mwanafunzi wa isimu hana haja ya kuingia ndani ya nyumba yoyote ili aanze kujifunza. Majina ya njia yanamtosha. Barabara iliyo uti wa mgongo wa mtaa huu inaitwa Ndia Kuu. Tunapofundishwa lahaja hupewa jedwali: Kiunguja kikisema njia, Kimvita husema ndia, kwa njaa husema ndaa, kwa njoo, ndoo, kwa macho, mato, kwa kichwa, kitwa, kwa chini, tini. Tunalikariri jedwali hilo, tunalimwaga siku ya mtihani, kisha tunalisahau. Katika Mji wa Kale jedwali limepigwa kwenye kibao cha barabara, nalo husomwa na kila apitaye, awe amesoma isimu au hakuisoma. Siku yangu ya kwanza, chakula kilipokuwa tayari, mwenyeji wangu aliniita akiwa ngazini: "Mwanangu, ndoo ule. Chakula hakingoji kitabu." Nikaitika "Labeka" kama nilivyowasikia wajukuu wake wakiitika, nikateremka. Kile kilichokuwa mfano wa tofauti za kifonolojia kilikuwa sasa ni sauti ya mama anayeniita mezani.

Naomba msomaji alipime jambo hili kwa mizani ya historia. Mkutano uliopendekeza Kiunguja kiwe msingi wa Kiswahili sanifu ulifanyika mwaka 1928, nao ulifanyika papa hapa Mombasa. Miaka miwili baadaye ikaundwa Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki iliyosimamia usanifishaji huo. Kabla ya hapo Kimvita kilikuwa kimeshika nafasi ya mbele: Ludwig Krapf, aliyefika Mombasa mwaka 1844, alikitegemea kwa kiasi kikubwa katika kamusi yake iliyochapishwa mwaka 1882. Sitaki kufufua ugomvi wa lahaja. Kiswahili sanifu ndicho kinachoniwezesha kuandika na wewe kunisoma. Nataka tu kusema kwamba lahaja iliyoshindwa katika chumba cha mkutano haikufa, kwa sababu ilikuwa na pa kukaa. Ilikuwa na Ndia Kuu yake, na vibao, na ngazi za kuitiana chakula.

Nikiulizwa ni kitu gani hasa kinachoupa mtaa huu mvuto wake, sitataja nakshi za milango ambazo wageni huzipiga picha. Nitataja baraza. Neno hili sote tunalijua. Tuna Baraza la Mawaziri, Baraza la Mitihani, na baraza la chifu ambalo wazee wetu wa bara waliitwa kwalo ili wasomewe amri. Lakini kwanza kabisa baraza ni kiti cha jiwe kilichojengwa pamoja na ukuta wa nyumba, nje, kandokando ya mlango, kikitazama njia. Kutokana na kiti hicho likaja tendo la kubarizi, yaani kukaa pamoja na kuzungumza; na kutokana na wanaozungumza likaja shauri; na kutokana na shauri yakaja mabaraza yote yenye viti vya ngozi na maikrofoni. Mtu akikaa kwenye jiwe lenyewe wakati wa alasiri, kivuli kikiwa kimetanda na upepo wa bahari ukipenya vichochoroni, huifahamu safari ya neno hilo kwa mgongo wake.

Baraza lina ratiba na lina sheria. Alfajiri, baada ya sala, hukaliwa na wanaosubiri mahamri na mbaazi. Mchana ni la muuza maji au hamali aliyeegesha mkokoteni wake apumue. Alasiri ni la wazee na kahawa tungu, inayomiminwa kutoka katika dele la shaba kwenye vikombe visivyo na masikio, muuzaji akivigonganisha ili mlio utangulie kabla yake. Usiku ni la vijana na dhumna. Anayepita ndiye anayewaamkia waliokaa. Kwenye baraza mtu haingii kwa hodi. Ila akitaka kuuvuka mlango ulio hatua moja tu kando yake, atabisha hodi mara tatu, na asipojibiwa ataondoka bila kinyongo. Kwa hiyo baraza si la nyumba wala si la njia. Ni mahali ambapo nyumba imeipa njia mgongo wa kuegemea. Siku moja nilisita kukaa kwenye baraza la nyumba nisiyoijua. Mzee aliyekuwapo akapapasa jiwe kando yake akaniambia, "Kaa, mwanangu. Jiwe hili halina mwenyewe mpaka lipasuke." Waliokuwapo wakacheka. Maana ya kicheko kile niliipata wiki kadhaa baadaye, nami nitaieleza mahali pake.

Tuingie sasa ndani, maana tumeshabisha hodi. Mlango wenyewe ni somo. Una mabao mawili, na ubao mwembamba uliosimama katikati kuziba pengo lao unaitwa mfaa. Nguzo za ubavuni ni miimo. Chini na juu pana kizingiti. Pete ya chuma inayopokea kufuli ni tumbuu. Mwenyeji wangu, ambaye mtaa mzima ulimwita Bi Mkubwa nami nikafuata, aliyataja maneno haya kama mtu atajavyo majina ya wanawe, bila kufikiri. Kizingiti nilikuwa nimekisoma mara nyingi katika magazeti, katika vizingiti vya maendeleo na vizingiti vya uchumi. Pale Kibokoni kilikuwa ubao mnene ulioinuka, uliomlazimu kila aingiaye kutazama anakokanyaga. Tazama pia neno mlango: ni pa kupitia, ni sura ya kitabu katika uandishi wa zamani, na ni tawi la ukoo. Msingi, nguzo, ufa, dari: fikra zetu nyingi tunazoziita dhahania zilianza kama sehemu za nyumba ambazo mtu angeweza kuzigusa kwa mkono.

Kuta ni za matumbawe na chokaa, unene wake ukikaribia nusu mita, ndiyo maana jua la Februari hubaki nje. Dari imebebwa na boriti za mikoko. Jambo lililonivutia kuliko yote ni kwamba upana wa chumba haukuamuliwa na matakwa ya mwenye nyumba bali na urefu wa boriti: mti wa mkoko ukikatwa hauwezi kuvuka zaidi ya takriban mita tatu ukiwa na nguvu ya kubeba sakafu ya juu. Kwa hiyo vyumba vya nyumba za zamani ni virefu na vyembamba. Msitu wa bahari ndio uliochora ramani ya sebule. Boriti hizo huhesabiwa kwa korija, yaani ishirini ishirini, neno ambalo sisi wa bara tunalikuta katika orodha za vipimo na idadi, tukiliweka kando ya jozi na dazeni. Katika kuta hizo nene mna mashubaka, vijidirisha visivyopenya upande wa pili, ambamo huwekwa msahafu, taa, chetezo cha udi, dawa za mtoto na funguo zinazopotea kila siku.

Juu zimetokeza roshani za mbao. Kuzitazama ni kuitazama lugha yenyewe. Neno roshani asili yake ni Kiajemi. Aina ya roshani hizo inadhihirisha ufundi uliotoka Bara Hindi. Waliozijenga walitumia mbao zilizoletwa kwa bahari, nao walioamuru zijengwe walikuwa Waswahili, Waarabu, Wahindi na Wabulushi waliokuwa majirani katika njia moja. Wareno waliofukuzwa mwaka 1698 waliacha ngome na waliacha maneno. Leso ambayo Bi Mkubwa alijifunga kila alipoingia jikoni, na ambayo kwingineko huitwa kanga, jina lake limetokana na Kireno. Wale wanaouliza kama Kiswahili ni lugha ya Kiafrika au ni mchanganyiko wa lugha za kigeni wangepaswa kusimama Ndia Kuu wakatazama juu. Nyumba ile yenye boriti za Lamu, roshani ya Kihindi na mlango wenye nakshi za Kiarabu haina utata wowote kuhusu ilipo. Iko Mombasa, na haiwezi kuwa kwingine.

Haishangazi basi kwamba mitaa hii ilizaa malenga. Sisi tunaosoma ushairi tunajua kwamba ubeti umetokana na neno la Kiarabu lenye maana mbili, nyumba na mstari wa shairi. Muyaka bin Haji, aliyeishi Mombasa kati ya 1776 na 1840, husifiwa kwa kuutoa ushairi katika mambo ya dini pekee na kuuleta sokoni na barazani, kwenye siasa, mapenzi, njaa na kejeli. Ushairi wa kujibizana hauhitaji maktaba. Unahitaji majirani walio karibu kiasi cha kusikia na kuudhika. Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui alianzisha gazeti la Al-Islah hapa Mombasa mwaka 1932. Abdilatif Abdalla alizaliwa mtaani Kuze mwaka 1946; mashairi ya Sauti ya Dhiki, yaliyochapishwa mwaka 1973, aliyatunga gerezani, alikofungwa kuanzia 1969 hadi 1972 kwa ajili ya waraka wake Kenya: Twendapi? Ndugu yake Ahmad Nassir alitupa Malenga wa Mvita mwaka 1971. Sheikh Ahmed Nabhany, mzaliwa wa Matondoni, Lamu, aliyefariki mwaka 2017, aliishi miaka mingi Mombasa akitufulia istilahi. Runinga na ngamizi ni miongoni mwa maneno yanayohusishwa naye. Mkusanyiko kama huu katika eneo dogo namna hii hauwezi kuwa bahati nasibu. Mahali panapowalazimu watu kupishana bega kwa bega mara kumi kwa siku huwafundisha kuchagua maneno.

Hata hivyo, mwandishi anayeupenda mtaa ana wajibu wa kutoupaka chokaa mahali penye doa. Nyumba za mawe hazikuwa za kila mtu. Zilikuwa alama ya uungwana, na uungwana ulikuwa na upande wake wa pili: utumwa, ambao hadhi yake ya kisheria katika pwani ya Kenya haikuondolewa hadi mwaka 1907. Mikono iliyochoma matumbawe kuwa chokaa na kubeba korija za boriti begani haikuandikwa jina juu ya mlango wowote. Vivyo hivyo, baraza ninalolisifu limekuwa zaidi la wanaume. Wanawake walikuwa na mazungumzo yao ndani, uani na darini, na sehemu kubwa ya ufasaha wa Kimvita imehifadhiwa huko ambako mtafiti wa kiume hafiki kwa urahisi. Kuyasema haya hakuupunguzii mtaa thamani. Kunatukumbusha kwamba lugha tuliyorithi iliundwa na mwungwana na mtwana, barazani na jikoni.

Sasa niseme kilichonifanya niandike. Nyumba niliyokaa si ya Bi Mkubwa peke yake. Ilijengwa na babu yake, na kwa kila kifo mirathi imeigawanya tena, hata leo ina warithi zaidi ya kumi. Wengine wako Tudor na Kisauni, wengine Muscat na London. Kila mmoja ana sehemu yake, na hakuna mwenye sehemu ya kutosha kumfanya alipe fundi. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta, nasi tumeifanya methali hiyo kuwa kichwa cha insha. Kule ni maelezo ya ufundi tu. Ufa ukiachwa, mvua huingia ukutani. Maji hufika pale boriti ilipoingizwa katika jiwe. Kichwa cha boriti huoza kisionekane. Kisha siku moja dari hushuka. Baadhi ya watu huziba ufa kwa saruji kwa kuwa ni rahisi kupatikana, kumbe saruji huyafungia maji ndani ya ukuta uliozoea kupumua kwa chokaa, na uharibifu huendelea kimyakimya. Mafundi wanaojua kuchoma na kulainisha chokaa wanazeeka.

Nikiwa pale ikaja barua ya mtu aliyetaka kuinunua nyumba aibomoe, ajenge jengo la ghorofa kadhaa lenye maduka chini. Warithi wakakutana sebuleni jioni mbili mfululizo, walio mbali wakisikika kupitia simu iliyowekwa katikati ya mkeka. Sikuwa na haki ya kusema neno, nami sikusema. Lakini mpwa wa Bi Mkubwa, kijana anayeendesha tuktuk, alinigeukia baadaye akaniambia bila hasira: "Nyinyi watu wa vyuo mwazipenda nyumba hizi kwa kuwa hamlali humu mvua kubwa ikinyesha." Nimeyarudia maneno hayo mara nyingi kuliko nukuu yoyote niliyojifunza darasani. Ni kweli tupu. Kilio cha turathi kinachotoka kwa mtu mwenye paa zima hakina uzito mbele ya mtu anayekinga maji kwa ndoo. Hapo ndipo nilipouelewa utani wa yule mzee wa barazani. Jiwe ni la wote maadamu ni zima. Likipasuka, wote huondoka, na mwenyewe akabaki na gharama.

Wakati huohuo niliona kinachopotea. Binti wa Bi Mkubwa aliolewa akahamia kwenye fleti upande wa bara. Mwanawe, mvulana wa miaka saba aliyekuja kumtembelea bibi yake, aliagizwa alete funguo shubakani. Akasimama katikati ya chumba akizungusha macho, kisha akauliza, "Bibi, shubaka ni kabati gani?" Mtoto yule ni Mswahili wa kizazi na kizazi. Hajakosa lugha, anaongea kwa kasi inayonishinda. Amekosa ukuta. Ukuta wa fleti ni mwembamba, hauna nafasi ya shubaka. Na kwa kuwa hauna shubaka, neno halina pa kuwekwa. Hakuna mtu aliyelipiga marufuku wala Kiingereza hakikulifukuza. Lilihamwa tu, kama nyumba inavyohamwa. Mfaa na tumbuu yako katika foleni hiyohiyo, na baraza litabaki na mawaziri pekee.

Tunachoweza kufanya kinahitaji unyenyekevu. Kenya ina Sheria ya Makavazi na Turathi za Kitaifa ya mwaka 2006, na Makavazi ya Kitaifa yana ofisi inayoshughulikia uhifadhi wa Mji wa Kale. Mji wa Kale wa Lamu uliingizwa katika Orodha ya Turathi za Dunia ya UNESCO mwaka 2001, na Fort Jesus mwaka 2011. Lakini hadhi hiyo ya Mombasa ni ya ngome, siyo ya mitaa inayoizunguka. Ngome haina wapangaji. Haina warithi kumi na zaidi wala mama anayeita watu wale. Sheria inayomkataza mtu kubomoa bila kumsaidia kukarabati humwachia mzigo yuleyule aliyebaki na jiwe lililopasuka. Ikiwa taifa linaufaidi mtaa huu, kwa picha, kwa watalii na kwa lugha ambayo Katiba ya 2010 imeifanya ya taifa na pia rasmi, basi taifa halina budi kuchangia chokaa. Wanaostahili kuhifadhiwa kwanza ni wakazi, nakshi zitafuata.

Kwa upande wetu, wanafunzi na walimu wa Kiswahili, kazi iko wazi. Sheikh Nabhany alituonyesha njia. Katika Sambo ya Kiwandeo aliyakusanya maneno ya ujenzi wa jahazi, na katika Umbuji wa Mnazi akayakusanya maneno ya mti huo na matumizi yake. Alijua kwamba istilahi zikiachwa mikononi mwa mafundi peke yao zitazikwa nao. Nasi tunaweza kufuata mfano huo kwa nyumba. Badala ya tasnifu nyingine inayorudia mgogoro wa mashairi huru, mmoja wetu na akae miezi mitatu na fundi wa chokaa. Mwingine, mwanamke, akae uani na akina Bi Mkubwa na kinasa sauti. Mwingine aorodheshe majina ya kila kipande cha mlango, kila aina ya boriti, kila kiungo cha mkate wa mofa, pamoja na picha na matamshi. Safari ya chama ya kila mwaka, ambayo kwa kawaida huishia ngomeni kwa picha ya pamoja, na ivuke barabara iingie mtaani. Tukifanya hivyo tusijifanye waokozi. Tunakwenda kuchukua, kwa hiyo twende na cha kutoa: muda wetu, na nakala ya kila tulichorekodi ibaki kwa wenyewe.

Nilipoondoka warithi walikuwa hawajaafikiana, na barua ilikuwa bado juu ya meza. Sijui nyumba itaamuliwa vipi, wala sina haki ya kuwaamulia wenye paa linalovuja. Ninalojua ni kwamba nyumba ile ikiuzwa, atakayenunua hataandikiwa katika hati kwamba amenunua pia shubaka, mfaa, tumbuu na baraza. Navyo vitaondoka bila kutajwa, kama mizigo isiyolipiwa nauli. Sisi ndio tunaoyatumia maneno hayo kila siku katika mihadhara, tukiyaegemea kama wapita njia waegemeavyo jiwe la mwenzao. Tumelikalia bure miaka mingi. Sasa limeanza kupasuka, na heshima ya mgeni aliyekaribishwa ni kuinuka na kuuliza fundi anahitaji nini.